Waifai ivuke kuta za mawe: kubadilisha fimwea ya rauta nyumbani, hatua kwa hatua

Nyumba yetu iko Kibokoni, Mji wa Kale, ghorofa mbili. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine unene wake wafika nusu mita, na dari ni boriti za mkoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa tena. Ni nyumba baridi hata Januari jua likiwaka. Lakini kwa waifai ni ngome. Mafundi wa faiba waliiweka rauta, kile kifaa kinachosambaza waifai, sebuleni chini, karibu na mlango, pale kebo ilipoingilia. Ghorofa ya kwanza unapata kwa taabu. Chumba cha nyuma juu, anakolala bibi, hupati kitu.

Kila Ijumaa baada ya alasiri bibi huzungumza kwa video na nduguye aliyeko Maskati. Na kila Ijumaa nilikuwa nasikia sauti ile ile kutoka juu: "Mwanangu, njoo utazame. Mbona huyu yuaganda?" Nami huitika, "Naja, bibi," nikapanda, nikamshika mkono, tukashuka ngazi zile nyembamba hadi sebuleni ili amalize mazungumzo yake. Mtu wa umri ule hafai kushushwa ngazi kwa sababu ya mtandao. Ndipo nikaamua kulishughulikia jambo hili mpaka mwisho, na haya ninayoandika ndiyo niliyojifunza.

Kebo za chini ya bahari zinazolisha nchi hii zinatokea ufukweni hapa hapa Mombasa: SEACOM na TEAMS zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Intaneti yenyewe imeshatufikia mlangoni. Tatizo langu lilikuwa hatua ishirini za mwisho, kati ya sebule na chumba cha bibi.

Fimwea yafanya nini, na haifanyi nini

Fimwea ni ile programu inayokaa ndani ya rauta na kuiendesha. Rauta ni kompyuta ndogo: ina prosesa, ina kumbukumbu, ina redio moja, mbili au tatu za kurusha mawimbi ya waifai, ya gigahezi 2.4 au ya 5. Mwenye kiwanda huipa fimwea yake, akafungua vitufe vichache na kuvificha vingine. Mwaka 2002 kampuni ya Linksys ilitoa rauta iliyoitwa WRT54G, na watu wakagundua kuwa fimwea yake imejengwa juu ya Linux, mfumo wa kompyuta ulio wazi kwa wote. Kwa masharti ya leseni ya Linux, msimbo ule ulipaswa kuwa wazi, na mwaka 2003 ukatolewa. Kutoka hapo ukazaliwa mradi wa fimwea wa OpenWrt mwaka 2004, kisha DD-WRT. Zote mbili ni za bure. Mimi natumia OpenWrt kwa sababu kila kifaa kina ukurasa wake wenye maelezo ya kina, na kwa sababu bado inapata marekebisho ya usalama hata kwa rauta ambazo viwanda vilishaziacha zamani.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. Watu hubadilisha fimwea wakidhani wataongeza nguvu za antena na waifai itapasua ukuta. Haiendi hivyo. Mawasiliano ya waifai ni ya kupokezana. Rauta ikipaza sauti simu yaisikia, lakini simu nayo lazima ijibu, na simu ina antena ndogo na betri ya kulindwa. Ukiongeza nguvu za rauta peke yake utaona alama zote za waifai zimejaa kwenye simu, na ukurasa haufunguki. Simu inasikia, haisikiki.

Faida ya kweli ya fimwea mpya ni mbili. Kwanza, unapata kuona na kurekebisha vitu vilivyofichwa: chaneli (njia ya mawimbi ambayo rauta inatumia), upana wa chaneli, kelele (mawimbi mengine yanayoingilia), nguvu ya kila kifaa kilichounganishwa. Pili, na hii ndiyo kubwa, rauta ya zamani iliyolala kabatini inageuka kuwa kituo cha pili cha waifai. Rauta mbili za bei nafuu zilizokaa mahali pazuri zinaishinda moja ya bei ghali iliyokaa pabaya, hasa katika nyumba za mawe kama zetu.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa chochote

Chukua simu ya Android, weka programu ya kupima waifai (zipo nyingi za bure), uzunguke nyumba nzima na karatasi mkononi. Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa dBm, na nambari zake ni hasi: kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Karibu na rauta utaona kama -40. Hadi -67 mazungumzo ya video yanakwenda bila wasiwasi. Ukifika -75 mambo yanaanza kukwama, na kupita -80 hata ujumbe wa maandishi unasitasita.

Kwangu karatasi ilisema hivi: sebuleni -41, ngazini -63, ghorofa ya kwanza mbele -70, chumba cha bibi -84. Simama dakika moja kila mahali, maana nambari hupanda na kushuka. Na pima mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu usiku ndivyo utakavyokuwa.

Angalia pia chaneli za majirani. Mji wa Kale nyumba zimeshikana, na kwenye simu yangu nilihesabu mitandao kumi na saba, karibu yote imejazana chaneli ya 6.

Kisha, kabla ya kufikiria fimwea, isogeze rauta. Iinue juu, angalau usawa wa kichwa. Iondoe nyuma ya televisheni, mbali na friji, mbali na kabati la kioo, mbali na tangi la maji. Maji hunyonya mawimbi na chuma huyarudisha. Wanaokaa nyumba za mabati kule Likoni au Kisauni wajue kuwa bati hufunga mawimbi kuliko hata jiwe, ila mlango na dirisha huyapitisha. Basi rauta ikae inapoonana na uwazi. Antena zisimame wima. Mimi kwa kuiinua tu na kuisogeza mita mbili kuelekea ngazini nilipata dB 5 zaidi (tofauti kati ya vipimo viwili vya dBm huitwa dB) bila kutumia hata shilingi.

Hatua ya pili: chagua rauta ya kubadilisha

Usiiguse ile ya kampuni ya faiba. Si mali yako, ina mipangilio ya kampuni ndani yake, na ukiiharibu utakaa bila mtandao ukisubiri fundi. Iache ifanye kazi yake. Tafuta rauta nyingine, ya zamani au ya mtumba.

Igeuze uone kibandiko chini yake. Hapo kuna jina la modeli, na kando yake, kwa maandishi madogo, toleo: V1, V2, V4, V5. Toleo hilo ndilo muhimu kuliko vyote. Rauta mbili zenye jina moja na sanduku moja zaweza kuwa na prosesa tofauti kabisa ndani, na faili la moja likaiua nyingine. Andika modeli na toleo, kisha uzitafute kwenye jedwali la vifaa katika tovuti ya OpenWrt. Kama toleo lako halipo, liache. Usijaribu la jirani yake.

Angalia kumbukumbu. Kiwango cha chini ni megabaiti 8 za hifadhi na 64 za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), na mimi nashauri 16 na 128. Zile TP-Link TL-WR841N nyeupe zenye antena mbili, ambazo zimejaa mjini na nyingi utauziwa kwa bei ya kutupa, matoleo yake mengi yana 4 na 32 tu. OpenWrt 19.07 ndiyo ya mwisho kuzikubali, na msaada wake ulikoma mwaka 2022. Usinunue hiyo kwa kazi hii. Na kama redio ya ndani ni ya Broadcom, jihadhari, maana madereva yake ya wazi, yaani programu zinazoiendesha redio, ni dhaifu na mara nyingi waifai inafanya kazi nusu nusu. Zenye redio za Atheros au MediaTek huwa na amani.

Mimi nilipata TP-Link Archer C7 toleo la 5 ya mtumba. Muuzaji alinishangaa nilivyomwomba niigeuze nisome kibandiko kabla hata ya kuuliza bei. Fanya hivyo hivyo.

Hatua ya tatu: maandalizi, na hapa usiwe na haraka

Kwenye ukurasa wa kifaa chako utakuta faili za aina mbili. Lenye neno "factory" katika jina lake ni la kutoka fimwea ya kiwandani kwenda OpenWrt. Lenye "sysupgrade" ni la kutoka OpenWrt kwenda OpenWrt nyingine. Mara ya kwanza unataka la factory. Pakua pia fimwea ya asili kutoka tovuti ya kiwanda, uiweke pembeni, ili ukitaka kurudi uwe na njia.

Hakikisha faili limefika zima. Kando ya faili kwenye tovuti kuna mfuatano mrefu wa herufi na nambari uitwao sha256. Kwenye Windows fungua dirisha la amri uandike:

certutil -hashfile jina-la-faili.bin SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum na jina la faili. Linganisha na ile ya tovuti. Ikitofautiana hata herufi moja, pakua upya. Mtandao wetu hukatika katikati ya upakuaji, na faili lenye kasoro ni rauta iliyokufa.

Tafuta kebo ya mtandao. Kazi hii haifanywi kwa waifai kamwe, kwa sababu waifai yenyewe itazimika katikati ya safari.

Na stima. Hili nalisisitiza kwa sababu limenikuta. Mara yangu ya kwanza nilianza saa tatu usiku, nikabonyeza, nikaona mstari unasogea, na kabla haujafika mwisho stima ikapotea mtaa mzima. Iliporudi, rauta iliwasha taa moja tu, haikuitikia tena. Niliiokoa siku ya pili, nitaeleza hapa chini, lakini usiku ule sikulala vizuri. Siku hizi sianzi bila rauta kuchomekwa kwenye kile kibetri kidogo cha rauta cha volti 12 ambacho watu wengi wanacho sasa, na laptopu iwe imejaa chaji. Soma volti chini ya rauta yako kwanza. Ikiwa inataka 9, usiipe 12.

Hatua ya nne: kuweka fimwea

Chomeka kebo kutoka laptopu hadi tundu la LAN la rauta (la vifaa vya nyumbani), si lile la WAN (la kuingizia intaneti). Zima waifai ya laptopu. Fungua kivinjari, nenda anwani iliyo kwenye kibandiko, mara nyingi 192.168.0.1, uingie. Tafuta sehemu ya kuboresha fimwea, kwa kawaida iko chini ya "System Tools". Chagua lile faili la factory, bonyeza, kisha ondoa mikono.

Ondoa mikono kweli. Mstari ukisimama, subiri. Ukurasa ukisema umepotea, subiri. Taa zitazimika na kuwaka, moja itapepesa haraka, kisha polepole, kisha itatulia. Ipe dakika tano nzima kwa saa. Rauta nyingi huuawa na mtu aliyekosa subira dakika ya tatu akachomoa waya.

Ikitulia, fungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari. Utakutana na ukurasa wa OpenWrt, mtumiaji ni root na hakuna neno la siri. Weka neno la siri hapo hapo, kabla ya jambo lolote.

Usishtuke ukiona waifai haipo kwenye simu. OpenWrt huja waifai ikiwa imezimwa kwenye rauta nyingi, ili wewe uiwashe ukiwa tayari.

Hatua ya tano: kuifanya iwe kituo cha pili

Rauta ya kampuni ndiyo itabaki kuwa bwana wa nyumba: ndiyo inayogawa anwani kwa vifaa vyote. Hii mpya isigombanie kazi hiyo. Angalia kwanza rauta ya kampuni inatumia anwani gani. Kama nayo ni 192.168.1.1, basi mbili zitagongana, na utapoteza jioni nzima ukitafuta kosa. Kama ni 192.168.100.1, utafuata familia hiyo, yaani 192.168.100.2. Nachukulia ni 192.168.1.1.

Kabla ya kuziunganisha, ingia "Network", kisha "Interfaces", kisha hariri "LAN". Anwani iwe 192.168.1.2, "gateway" (njia ya kutokea intaneti) iwe 192.168.1.1, na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) iwe hiyo hiyo 192.168.1.1. Kwenye sehemu ya DHCP, yaani ugawaji wa anwani, weka alama panapoandikwa "Ignore interface".

Sasa kuna mtego hapa. Ukihifadhi, OpenWrt husubiri kama dakika moja na nusu ione kama umeweza kuingia tena. Usipoingia, inarudisha kila kitu kilivyokuwa, ikidhani umejifungia nje. Kwa kuwa umebadilisha anwani, ukurasa ule wa zamani hautafunguka. Na kwa kuwa umezima ugawaji wa anwani, laptopu nayo yaweza kubaki bila anwani. Ipe kwa mkono, tuseme 192.168.1.50, kabla ya kubonyeza. Kisha fungua dirisha jipya haraka, andika 192.168.1.2, uingie, ndipo itakubali. Mara mbili ilinirudishia nikadhani nimekosea nambari.

Baada ya hapo unganisha kebo kutoka tundu la LAN la rauta ya kampuni hadi tundu la LAN la hii. Tundu la WAN liache wazi.

Kebo ndiyo njia bora. Inaweza kufika mita 100 bila kupungua kasi, na hakuna ukuta unaoizuia. Kwetu hatukutoboa hata tundu moja. Kebo imepanda na ngazi, imebanwa kwa vibanio vidogo chini ya reli ya mbao, ikaingia juu ya fremu ya mlango. Nyumba hizi ni za wazee wetu, na mawe ya matumbawe yakishatobolewa ovyo humeguka. Nunua kebo ya shaba tupu. Ile ya bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, na kwa chumvi ya bahari ilivyo hapa kwetu ncha zake huoza mapema.

Kama kebo haiwezekani kabisa, rauta ya pili yaweza kupokea kwa waifai na kusambaza upya. Ikiwa rauta zote mbili ni za OpenWrt, ya kwanza iwe "Access Point (WDS)", yaani inayotoa, na ya pili "Client (WDS)", yaani inayopokea, na zitakuwa kama zimeunganishwa kwa waya. Ikiwa ya kwanza ni ya kampuni, WDS haitakubali. Ingia "System", kisha "Software", uweke kifurushi cha luci-proto-relay, kinachoiwezesha rauta kupokeza mtandao. Pokea kwa redio ya gigahezi 5 na usambaze kwa ile ya 2.4 ikiwezekana, kwa sababu redio moja ikipokea na kutoa kwa zamu, kasi inashuka karibu nusu. Na kosa la kawaida ni kuiweka rauta ya pili ndani ya chumba kisicho na mtandao. Itasambaza nini? Iweke katikati ya njia, pale simu ilipokuonyesha kati ya -60 na -67. Kwangu hapo ni ngazini.

Hatua ya sita: mipangilio ya redio

Hapa ndipo vitufe vilivyofichwa vinapofunguka. Unaweza kutumia kurasa za "Network" na "Wireless", au kuandika amri. Mimi napenda amri kwa sababu naweza kuziweka kwenye karatasi. Kwenye dirisha la amri la laptopu, ingia ndani ya rauta kwa ssh root@192.168.1.2 kisha:

uci set wireless.radio1.country='KE'
uci set wireless.radio1.channel='11'
uci set wireless.radio1.htmode='HT20'
uci set wireless.radio1.disabled='0'
uci set wireless.default_radio1.ssid='Nyumbani'
uci set wireless.default_radio1.encryption='psk2'
uci set wireless.default_radio1.key='neno-lako-refu-la-siri'
uci commit wireless
wifi reload

Kwenye Archer C7, radio1 ndiyo ya gigahezi 2.4 na radio0 ni ya 5. Kwenye rauta nyingine zaweza kuwa kinyume. Andika iwinfo uone kwanza.

Nchi iwe KE. Utasikia watu wakishauri uchague nchi nyingine ili redio ikuruhusu nguvu zaidi. Usifanye. Kwa KE redio ya 2.4 inakomea 20 dBm, yaani miliwati 100, na hizo zatosha nyumba ya kawaida. Kila nyongeza ya dB 3 ni nguvu mara mbili, na ili umbali uongezeke mara mbili hata mahali peupe unahitaji dB 6, yaani nguvu mara nne. Utachemsha rauta katika joto hili la Mombasa, utawajazia kelele majirani kumi na saba, na simu ya bibi bado haitaweza kujibu. Pia ni kuvunja masharti ya matumizi ya masafa nchini.

Chaneli za 2.4 zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Chagua iliyo na majirani wachache, na rauta zako mbili zisitumie moja. Yetu ya chini iko 1, ya juu iko 11.

Upana uwe megahezi 20, ndiyo ile HT20. Rauta nyingi za kiwandani hutanua hadi 40 ili kasi ionekane kubwa kwenye sanduku. Ukirudisha 20, nguvu ile ile inajikusanya mahali pembamba na kelele inayoingia inapungua kwa nusu. Ni dB 3 za bure. Kasi ya juu inapungua, sawa, lakini chumbani kwa bibi tunataka mazungumzo yasiyoganda, hatutaki rekodi.

Kwa redio ya 5, tumia chaneli ya 36 hadi 48. Chaneli za juu zaidi nyingi ni za kushirikiana na rada. Rauta ikiziwasha husikiliza kimya dakika nzima kabla ya kuanza, na ikisikia rada wakati wowote lazima ihame. Jua pia kuwa gigahezi 5 ina kasi nzuri chumba kimoja na rauta lakini ukuta wa matumbawe unaimaliza.

Kuna sehemu inaitwa "Distance Optimization". Jina linavutia na wengi wanaijaza nambari kubwa. Haiongezi umbali. Inaiambia redio isubiri jibu kwa muda gani, na imekusudiwa minara inayotazamana kwa kilomita. Nyumbani iache tupu.

Jambo la mwisho hapa. Kituo cha pili kikishafanya kazi, mpe jina na neno la siri lile lile la rauta ya chini, ili simu ihame yenyewe. Utaona kuwa simu hung'ang'ania rauta ya chini hata ukiwa juu. Dawa ni kupunguza nguvu. Kama rauta ya kampuni ina mahali pa kupunguza, ishushe hadi ya kati. Mawimbi ya chini yakipungua ghorofani, simu inakubali kuachia na kushika ya juu. Nilipofanya hivi ndipo mfumo wote ulitulia.

Ikifa

Rauta ikiwasha taa moja au kupepesa bila kukoma, usiitupe. Nyingi zina njia ya uokozi iliyojengwa ndani, ambayo haifutiki. Kwenye C7, na nyingi za jamii yake, ni hivi: ipe laptopu anwani ya kudumu 192.168.0.66, na kwenye "subnet mask" weka 255.255.255.0, weka programu ya Tftpd64 inayoipelekea rauta faili, zima kinga ya Windows (firewall) kwa muda, na uweke faili la factory katika folda yake kwa jina maalumu lililoandikwa kwenye ukurasa wa kifaa, herufi kubwa na ndogo zikiwa vile vile. Zima rauta. Bonyeza kitufe cha kurejesha mipangilio kwa ncha ya kalamu, ukiwa umekishika washa rauta, uendelee kushika mpaka taa nyingine iwake. Kwenye dirisha la Tftpd64 utaona mstari unakimbia. Ukishakwisha, ipe dakika tano.

Mimi nilijaribu mara nne kabla ya kufaulu. Mara tatu za kwanza kinga ya Windows ilikuwa ikizuia bila kusema. Nilipounganisha swichi ndogo ya mtandao kati ya laptopu na rauta ikawa rahisi zaidi, kwa sababu laptopu haikupoteza muunganisho rauta ilipozimwa.

Pima tena

Rudi na karatasi ile ile, vyumba vile vile, milango imefungwa. Kwangu chumba cha bibi kilitoka -84 kikaja -52, kwa kuwa kituo cha pili kiko nje ya mlango wake. Ghorofa ya kwanza mbele iko -58.

Ingia "System", kisha "Backup", uhifadhi nakala ya mipangilio kwenye laptopu. Kila miezi michache angalia kama kuna toleo jipya, ulipakue lenye sysupgrade, uliweke huku betri imechomekwa. Rauta ikae mahali pa hewa, ifutwe vumbi na unyevu wa chumvi, hasa matundu ya kebo, maana chuma chake hushika kutu. Na bandika karatasi chini yake: anwani mpya 192.168.1.2, tarehe uliyobadilisha, toleo la fimwea. Kaka yangu akiwa nyumbani nami sipo, hiyo karatasi ndiyo inayomwongoza.

Ijumaa ya kwanza baada ya kazi ile nilikaa ngazini nikisubiri kuitwa. Bibi alizungumza na nduguye mpaka adhana ya magharibi, na mara moja tu alipaza sauti: "Mwanangu, niletee miwani yangu, leo nataka kumuona vizuri."